Uzi wa malalamiko: Waimbaji wa pop, swing si taksido na maikrofoni ya kizamani!

Wakuu, hii biashara imenichosha. Mtu wa pop anavaa taksido, anatangaza albamu ya swing, yaani jazi ya bendi kubwa yenye mdundo wa kuyumba, ukiweka hedifoni unakutana na kompyuta tupu.

Na msijifiche nyuma ya Robbie Williams, yule mwimbaji wa pop wa Uingereza. Ile albamu yake ya 2001 aliirekodia Capitol Studios, Los Angeles, kulekule alikokuwa akirekodi Frank Sinatra, gwiji wa kuimba swing, tena na wapulizaji wenye mapafu. Sauti yake waweza usiipende, ila kazi ilifanyika.

Sasa hawa wengine. Prodyuza anaweka swing asilimia 66 kwenye programu, basi, kamaliza. Hiyo 66 maana yake pigo likigawanywa noti mbili, noti ya kwanza inachukua theluthi mbili za pigo, ya pili theluthi moja. Kwenye mapigo 130 kwa dakika inakaa sawa. Ukipanda hadi 220, wapigaji wa kweli huzisogeza noti hizo zikakaribia kulingana. Wewe ukiganda na 66 wimbo unachechemea.

Halafu kiki, ile ngoma kubwa ya mguu! Kwenye swing mguu unaigusa kwenye mapigo yote manne kwa upole, unaihisi tu, ili besi ya kusimama ndiyo itembee. Hai-hati, yale matoazi mawili ya mguu, inafungwa pigo la 2 na la 4. Nyie mnabamiza kiki ya klabu, inagongana na besi kulekule chini, mnakandamiza kwa kompresa, kile kifaa cha kubana tofauti ya sauti kubwa na ndogo, noti za besi zinageuka mngurumo mmoja.

Gita la ridhimu mmelipeleka wapi? Mpiga gita Freddie Green aliingia kwenye bendi ya Count Basie 1937 na gita lisilo na umeme, mikwaruzo minne kila baa (kila mapigo manne), mara nyingi noti moja au mbili tu zikisikika. Likitoka hilo, bendi nzima inalegea.

Sauti ndiyo aibu kubwa. Sinatra alikuwa anachelewa makusudi, anaburuza neno nyuma ya pigo, kisha anaiwahi bendi mwisho wa mstari. Nyie kila silabi mnaipachika juu ya pigo, na otochuni, programu ya kunyoosha sauti, inafuta ule mtelezo wa kuifikia noti kutoka chini.

Mtasema bajeti: saksafoni 5, tarumbeta 4, tromboni 4, na wapiga ridhimu 4 (piano, gita, besi, ngoma), watu 17. Sawa, basi punguzeni watu, si kuweka tarumbeta za kompyuta zinazoanza na kukata sekunde ileile. Nat King Cole alitamba na piano, gita na besi, ngoma hakuna.