Tupeane uzoefu: picha ipi ya Artemis I ilikutia shaka, na shaka hiyo iliishia wapi?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Tangu Artemis I, ile safari ya NASA ya kuuzunguka Mwezi bila watu, iruke 16 Novemba 2022 nimepitia mabishano mengi ya picha zake, na kila mara nakuta kambi mbili zikirushiana maneno. Hawa "wamezipika", wale "nyie mnapinga kila kitu". Hakuna anayesimulia yeye mwenyewe alipitia nini. Leo tuache matusi, kila mtu atoe kisa chake. Hata kama bado huamini, karibu.

Naanza mimi. Kilichonikwaza ni swali la kitoto kabisa: kama chombo hakina mtu, nani aliyekipiga picha kikielea, Mwezi ukiwa nyuma yake? Unakiona chombo chote na nembo zake ubavuni, utadhani mpigapicha kasimama hatua chache pembeni. Nikaituma kwenye kundi la familia na maneno haya: "Mpigapicha alirudi na usafiri gani?" Watu wakacheka, nikajiona nimemaliza kazi. Binamu yangu mdogo akajibu neno moja: "Selfi."

Nilimkejeli siku mbili nzima. Siku ya tatu nikaenda kusoma kimyakimya. Orion, ndilo jina la chombo chenyewe, ina mabawa manne ya sola, kila moja karibu mita 7, na kwenye ncha ya kila bawa kuna kamera. Ni kamera za kawaida za dukani zilizofanyiwa marekebisho makubwa ili zihimili kule juu, na picha zake huingia ndani ya chombo kwa Wi-Fi. Bawa lenyewe hugeuzwa kwa amri. Yaani ni mkono mrefu wenye kamera mwishoni. Kwa jumla chombo kilikuwa na kamera 16, na roketi ilikuwa na zake 8. Binamu bado ananiita "Usafiri Gani".

Nyuzi Tatu
Mimi ilikuwa picha ya ndani. Tunaambiwa hakuna mtu, halafu kwenye kiti cha kamanda amekaa mtu na suti yake ya rangi ya chungwa, kofia kichwani! Aliyeiona kwanza ni mama yangu mkubwa, akanipigia simu usiku: "Mwanangu, yule kijana aliyemo mle, kwao wanajua kama yupo?" Hakuwa anatania. Alidhani kuna mtu kapelekwa kwa siri ili akifa pasiwe na kesi.

Nikamweleza kwamba yule ni sanamu, anaitwa Campos kwa heshima ya Arturo Campos, mhandisi wa umeme aliyechangia kuwarudisha salama wanaanga wa Apollo 13, chombo chao kilipoharibika wakielekea Mwezini. Amefungwa vipimo vya mtikisiko na mionzi. Ana wenzake wawili, Helga na Zohar, hao ni viwiliwili tu. Zohar amevalishwa fulana ya kukinga mionzi, Helga hana, ili baadaye walinganishe nani kaumia zaidi. Mama mkubwa alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Kwa hiyo Helga wamemnyima kwa makusudi?"

Hapo nilishindwa kumridhisha. Lakini suala la picha kughushiwa hakulirudia tena.

Chaki Nyeupe
Nafundisha sekondari. Wanafunzi waliniletea zile picha za Mwezi zisizo na rangi, zilizopigwa chombo kilipopita kilomita 130 tu juu ya uso wake, 21 Novemba. Kijana mmoja akasimama: "Mwalimu, huu si Mwezi wetu. Mabaka meusi yako wapi?"

Nilitaka kumkalisha chini, nikajizuia kwa sababu alikuwa sahihi. Mabaka tunayoyaona kila mwezi mpevu hayakuwemo. Tukachukua kalenda. Mwezi mwandamo ulikuwa 23 Novemba, siku mbili baadaye. Maana yake upande unaotutazama ulikuwa karibu wote gizani, na jua lilikuwa linapiga upande wa mbali, ule ambao hatuuoni kamwe tukiwa hapa Duniani. Na upande huo mabaka ni machache mno, umejaa mashimo tu. Binadamu aliuona mara ya kwanza mwaka 1959, chombo cha Kisovieti Luna 3 kilipoupiga picha.

Kwa hiyo picha iliyopikwa na mtu asiyejua kalenda ingekuwa na mabaka. Nililisema hilo darasani kwa mbwembwe. Yule kijana akajibu, "Au imepikwa na mtu anayejua kalenda." Nikampa alama.

Fundi Taa
Nyota. Kila mtu anauliza ziko wapi. Mimi napiga picha za hafla za usiku. Nikimpiga mtu aliye chini ya taa kali, anga juu yake linatoka jeusi tii, hata kama tulipokuwa pale tulikuwa tunaziona nyota. Kamera ikifunguliwa muda mrefu ili inase nyota, mtu anageuka karatasi nyeupe. Chombo cheupe kwenye jua kali ndio kabisa. Sina kisa kingine.

Kikokotoo
Kisa changu ni cha ugomvi na shemeji, na nusura tusisalimiane.

Kuna ile picha ya 28 Novemba, siku chombo kilipofika mbali kuliko chombo chochote kilichojengwa kubeba watu, zaidi kidogo ya kilomita 432,000 kutoka Duniani. Orion iko mbele, Mwezi na Dunia viko nyuma, pamoja. Shemeji akaweka simu mezani: "Wewe unayejifanya umesoma. Dunia ina ukubwa mara nne wa Mwezi kwa upana. Hapa Mwezi ndio mkubwa. Waliochora wamesahau hesabu."

Sikuwa na jibu. Nilisema kitu kuhusu lenzi, kwa sauti ya mtu asiyejua anachosema, naye akaniona. Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nikachukua karatasi. Kitu kinaonekana kikubwa au kidogo kulingana na upana wake ukigawa kwa umbali. Mwezi una upana wa kilomita 3,474, na siku ile ulikuwa kama kilomita 70,000 kutoka kwenye chombo. Gawa, unapata karibu 0.05. Dunia ina upana wa kilomita 12,742, nayo ilikuwa umbali wa 432,000. Gawa, unapata karibu 0.03. Kwa hiyo Mwezi *lazima* uonekane mkubwa, zaidi ya mara moja na nusu. Kama wangeweka Dunia kubwa kuliko Mwezi ili imridhishe shemeji, hapo ndipo wangekuwa wamekosea.

Nikampelekea karatasi. Akaifanya hesabu mwenyewe mara mbili, ya pili kwa simu. Kisha akasema, "Sawa, lakini hizo namba umezipata kwao." Nikamwambia hizo za upana wa Mwezi na Dunia zilikuwepo kwenye vitabu kabla wazazi wetu hawajazaliwa. Umbali wa chombo, kweli, nimeupata kwao. Lakini ishara za redio za Orion zilinaswa pia na wapenda redio wasio na mwajiri huko, kwa antena zao wenyewe. Akanyamaza. Sisemi kwamba alikubali.

Mwezi Mtindi
Nilikuwa kinara wa "picha zimechezewa". Nikasema nitaonyesha mfano wa picha halisi, nikatoka nje na simu yangu, aina siitaji, nikauvuta Mwezi kwa zumu. Ukatoka safi, mashimo yote. Nikaitangaza: "Simu ya mkononi inatoa hivi, wao na mabilioni wanatoa ukungu!"

Jamaa mmoja akaniambia nipige picha ya Mwezi uliofifishwa makusudi kwenye skrini ya kompyuta. Nikafanya, nikiwa chumbani, taa zimezimwa. Simu ikanitolea mashimo ambayo kwenye skrini hayakuwepo. Programu ya simu ilitambua "huu ni Mwezi" ikajazia yenyewe! Mimi niliyekuwa nawatuhumu wenzangu kupika picha, mpishi alikuwa mfukoni mwangu.

Ile video yao ya moja kwa moja yenye chenga na miraba sasa naiheshimu zaidi. Njia ya mawasiliano kule ni nyembamba, taarifa za chombo zinapewa nafasi kwanza, video inapewa kinachobaki.

Mlinda Mlango
Mimi bado siamini yote, na nashukuru tumekaribishwa.

Siongelei nyota wala vivuli, hayo nimeshayaacha. Naongelea ngao ya joto, ile inayokinga chombo kisiungue kinapoingia tena kwenye hewa ya Dunia. Chombo kilitua kwenye Pasifiki 11 Desemba 2022, tukaambiwa safari imefana. Baadaye wakasema vipande vya ngao vilibanduka kwa namna wasiyoitarajia. Picha za karibu za uharibifu wenyewe, sisi watu wa kawaida tulizipata Mei 2024 ndani ya ripoti ya mkaguzi mkuu wa NASA. Zaidi ya sehemu 100 zilizomeguka. Zile za kupendeza tulizipata siku hiyohiyo. Za aibu, mwaka na nusu. Halafu mnashangaa watu wana shaka?

Mleta mada
Mlinda Mlango, hiyo hoja nzito na sina la kuitetea. Ila naona inapingana na "wamezipika". Anayepika hajipikii ngao iliyochunika.

Mlinda Mlango
Nakubali kuficha ya kweli na kutengeneza ya uongo ni makosa mawili tofauti. Kwangu yanaacha jeraha lilelile.

Tumbo Moto
Nimesoma nikicheka kwa sababu mimi ni kati ya waliosababisha fujo. Wakati wa safari kulikuwa na ukurasa wa NASA unaoonyesha Orion iko wapi kwa wakati ule. Ni katuni inayochorwa kwa kutumia taarifa za chombo, na hawakuficha kwamba ni mchoro. Mimi kwa haraka nikakata kipande cha skrini, nikakiweka mtandaoni: "PICHA MPYA KUTOKA MWEZINI." Kikasambaa. Siku ya pili kikarudi kwangu kimezungushiwa duara jekundu, "angalieni, hata mwanga haufanani." Walikuwa sahihi, mwanga haukufanana. Nilikifuta, lakini nimekutana nacho tena juzi, bado na duara lake.

Nyuzi Tatu
Tumbo Moto, kumbe ni wewe! Hicho kipande mama mkubwa anacho kwenye simu.