Linka inalia "undefined symbol: stpcpy" na sijaiita popote, nikague vipi?

baiti_nane: Wakuu, naomba msaada. Najenga programu ya C kwa clang, mashine lengwa ni aarch64, na libc (maktaba ya kawaida ya C) ni ndogo ya kwetu, haina stpcpy, fanksheni ya kunakili maandishi. Kwa -O0 (bila uboreshaji) inaunganika bila shida. Kwa -O2 (uboreshaji ukiwashwa), linka yangu, ld.lld, inagoma: undefined symbol: stpcpy. Nimepiga grep msimbo wote, jina hilo halimo. Kosa linaelekeza hapa:

`n = sprintf(buf, "%s", jina);`

Inatoka wapi? Na nitajuaje mapema zingine zinazonivizia?

FundiLinka: Clang ndiyo iliyoiweka. sprintf yenye "%s" tupu, jibu lake likitumika, hugeuzwa kuwa `stpcpy(buf, jina) - buf`. Usingeihitaji n, ungewekewa strcpy na usingeshtuka. Keneli ya Linux ilikwama hapo hapo mwaka 2020, ikabidi stpcpy iongezwe kwenye lib/string.c. Mwaka 2019 ilikuwa zamu ya bcmp, inayochukua nafasi ya memcmp pale unapouliza tu kama jibu ni sifuri.

LLVM, msingi ambao clang imejengwa juu yake, haifungui libc yako kabla ya kuamua. Ina orodha yake, TargetLibraryInfo, inayofuata triple, yaani jina la mashine lengwa na mfumo wake. Chombo cha kulinganisha orodha hiyo na maktaba halisi ni llvm-tli-checker:

`llvm-tli-checker --triple=aarch64-unknown-linux-gnu --libdir=/opt/sdk/lib --report=discrepancy libc.so libm.so`

Triple iwe ile ile unayompa clang, la sivyo unakagua mashine ya jirani. Mistari ya `<<` maana yake LLVM inadhani fanksheni ipo na maktaba haina: hiyo ndiyo itakayokuvunjia buildi. `>>` ni kinyume chake. Hapo unakosa uboreshaji tu, haina haraka.

mzee_wa_dynsym: Nyongeza. Chombo kinasoma simboli za dinamiki za ELF (muundo wa mafaili ya programu kwenye Linux), kwa hiyo kipe .so; hata ikiwa imepitishwa kwenye strip, kifuta simboli, haidhuru, maana .dynsym hubaki. Kama una libc.a (maktaba tuli) peke yake, toa orodha ya LLVM kwa `--dump-tli` pamoja na --triple, kisha uilinganishe na `llvm-nm --defined-only libc.a`.

Wenye glibc waangalie: libc.so ya kwenye saraka ya maendeleo mara nyingi ni faili la maandishi la linka, si ELF. Tumia libc.so.6.

Na usiitegemee exit code. Inarudisha 0 hata tofauti zikiwepo, kwa hiyo kwenye CI (ujenzi wa kiotomatiki) tafuta neno FAIL kwenye matokeo.

baiti_nane: Asanteni. Nimeona `<<` za stpcpy na bcmp, halafu rundo la _Zn na _Zd. Hizo nazo?

FundiLinka: Hizo ni operator new na delete za C++. Hukuipa maktaba ya C++, ndiyo maana hazionekani. Msimbo wako ni C mtupu, ziache.

Kwa mbili zilizobaki, ziandike tu. stpcpy ni mistari mitatu, na bcmp inaweza kuita memcmp. `-fno-builtin-stpcpy`, inayomkataza clang kuweka stpcpy yenyewe, inafaa kama kiraka cha leo. Ukiwa na LLVM ya kwenu, weka setUnavailable (alama kwamba fanksheni haipo) kwa triple yenu ndani ya TargetLibraryInfo.cpp. Sipendi -fno-builtin kwa mradi mzima: hata strlen ya maandishi yasiyobadilika itaanza kuhesabiwa programu ikiwa inaendeshwa.

mzee_wa_dynsym: Ila mafaili ya libc yenyewe yape -fno-builtin. Kitanzi cha kujaza kumbukumbu ndani ya fanksheni saidizi inayoitwa na memset yako, kwa -O2, clang huweza kukitambua na kukigeuza kuwa mwito wa memset. Hapo memset inajiita yenyewe bila mwisho, na checker haitakuambia, kwa sababu inatazama majina tu: memset ipo, basi imepita.

baiti_nane: Na -ffreestanding (kujenga bila kutegemea libc kamili) je, ingeniondolea yote haya?

mzee_wa_dynsym: stpcpy na bcmp, ndiyo. memcpy, memmove, memset na memcmp bado zinatakiwa ziwepo.