Fukwe za Dar bila gari binafsi: Kunduchi, Coco na Kigamboni kwa daladala, mwendokasi na pantoni

MamaWawili_Dom

Habari zenu wakuu. Tunashuka Dar Ijumaa jioni kwa treni ya SGR kutoka Dodoma. Tupo wanne: watu wazima wawili, watoto wa miaka 6 na 9. Jumamosi na Jumapili zote ni zetu, gari hatuna. Tunataka bahari: Kunduchi au Mbezi Beach, Coco, na ikiwezekana Kigamboni. Kukodi teksi kila tunapokwenda kutamaliza bajeti.

Naomba kujua tulale upande gani, tupande nini na tushuke kituo gani, na wageni huwa wanakosea wapi. Visiwa navyo kama vinafikika, nielekezeni.

Mtongani_Kwetu

Dada, karibu sana. Kwanza futa wazo la Kunduchi na Kigamboni siku moja. Kwenye ramani ni pwani moja, ila katikati upo mlango wa bandari, na ukitaka kutoka upande mmoja kwenda mwingine ni lazima urudi mjini kwanza. Siku itaishia barabarani. Siku moja, upande mmoja.

Upande wa kaskazini kila kitu kinategemea Barabara ya Bagamoyo. Daladala hazishuki mpaka baharini, zinabaki barabara kuu, na kutoka pale hadi mchangani ni kilomita moja na nusu mpaka tatu hivi kutegemea kituo. Hapo ndipo wageni wanapopotezea pesa na muda. Ukitoka Mwenge vituo vya kukumbuka vinakwenda hivi: Lugalo, Makonde, Tangi Bovu, Africana, Mtongani, halafu Tegeta. Hoteli za Jangwani Beach na White Sands, shuka Africana. Kunduchi kijijini, kwenye magofu ya msikiti wa kale na makaburi yake, shuka Mtongani. Bahari Beach na Ununio, endelea mpaka Tegeta.

Kwenye kila njia panda ya hizo utakuta bajaji na bodaboda zimejipanga. Bajaji inachukua abiria watatu kiti cha nyuma, ninyi na watoto mtaenea. Swali lako liwe hili, neno kwa neno: "Bajaji nzima mpaka getini shilingi ngapi?" Ukiuliza tu "mpaka baharini bei gani", utatajiwa bei ya kichwa kimoja, mkifika mnadaiwa mara nne, na hapo hakuna aliyekudanganya, hamkuelewana tu. Kwa watoto epuka bodaboda, kofia ngumu za saizi yao hazipo vijiweni.

Nauli ya daladala ni ndogo. Viwango vya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, vya Desemba 2023 vilianzia shilingi 600 kwa ruti isiyozidi kilomita 10, na hupanda kadiri ruti inavyorefuka. Kuwa na chenji. Noti ya elfu kumi asubuhi inamtesa konda na wewe utashuka ukiwa bado unadai.

Ijumaa jioni usijaribu daladala ukiwa na mabegi. Kuanzia saa kumi na moja mpaka saa mbili na zaidi, Dar yote inaelekea nje ya mji, na Barabara ya Bagamoyo ndiyo mojawapo ya zinazojaa kabisa. Hapo daladala haina pa kuweka begi, na watu wanagombania mlango. Siku hiyo moja ita gari kwa programu ya simu, mfike, mlale. Akiba yenu mtaipata Jumamosi na Jumapili.

Ruti_na_Vituo

Naongezea la Mbezi, maana ni kosa linalowapata wageni wengi. Dar ina Mbezi mbili. Mbezi Beach ipo Barabara ya Bagamoyo. Mbezi ya Luis, ambayo watu huiita Mbezi Mwisho, ipo Barabara ya Morogoro kwenye stendi kuu ya mabasi ya mikoani. Daladala iliyoandikwa "Mbezi" peke yake mbele, aghalabu ni ya Morogoro Road. Huko hakuna bahari. Usimwambie konda "nashuka Mbezi". Mtajie kituo: Makonde, Tangi Bovu au Africana.

Ukiwa umekosea na upo Mbezi Mwisho tayari, usirudi mjini. Ulizia gari zinazopita Goba, zinakutoa Barabara ya Bagamoyo moja kwa moja. Wanaokuja Dar kwa basi wakashukia Stendi ya Magufuli nao wapite huko huko kama wanakwenda fukwe za kaskazini.

Sasa namna ya kutoka mjini kwenda kaskazini asubuhi. Panda mwendokasi (mabasi yenye njia yao peke yao) unaoishia kituo cha Morocco, kutoka Gerezani au Kivukoni. Nauli inalipwa kituoni kabla ya kupanda, siyo ndani ya basi, na soma kibao cha basi kwa sababu mengi yanakwenda Kimara, na mpaka Magomeni njia ni moja. Ukipitiwa hapo umeshaelekea Ubungo. Ukishuka Morocco, sogea mpaka stendi ya Makumbusho. Wengi wanasimama Morocco au Mwenge kusubiri gari za Tegeta na Bunju, zinapita zimeshajaa. Makumbusho ndiko zinakoanzia, mtakaa wote wanne.

Mambo matatu yanayoharibika:

Kukatisha ruti. Gari limeandikwa Bunju, likifika Tegeta konda anasema mwisho hapa. Haliwaathiri wanaoshuka Africana au Mtongani, lakini wa mbele zaidi muulize konda kabla hujalipa, "Unafika?" Mkishushwa njiani daini awahamishie gari lingine kwa nauli ile ile. Abiria wakidai pamoja, konda hufanya hivyo.

Mvua ya masika. Bonde la Jangwani (la mjini, siyo Jangwani Beach) likijaa maji, barabara hufungwa na mwendokasi husimama, pamoja na mabasi ya Morocco, kwa kuwa yanapita bondeni hapo kabla ya kukata Magomeni. Siku hiyo tumia daladala za Barabara ya Ali Hassan Mwinyi.

Ujenzi wa njia za mwendokasi nao huhamisha vituo mita kadhaa mbele au nyuma. Usitegemee alama ya kwenye simu kukuonyesha mahali gari linaposimama. Fuata watu waliopo.

Mjimwema_Pwani

Kigamboni kwa watu wasio na gari ni rahisi kuliko kaskazini, na nasikitika watu wanavyoiogopa kwa ajili ya pantoni. Mwendokasi wa Kivukoni unaishia jirani kabisa na kivuko cha Magogoni, karibu na soko la samaki la Feri. Unashuka, unatembea dakika chache, unavuka, na upande wa pili daladala na bajaji zinakusubiri. Hakuna sehemu nyingine Dar ambako basi, chombo cha majini na daladala vimekaribiana hivyo.

Nauli ya mtembea kwa miguu imekuwa shilingi 200 kwa miaka mingi. Malipo ni kwa N-Card, kadi unayoiwekea salio, kwa hiyo ulizia dirishani kabla hujafika kwenye geti, nyuma yako patakuwa na umati. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache. Muda unaliwa na kusubiri, hasa chombo kimoja kikiwa matengenezoni.

Sikilizeni mwelekeo wa watu, maana ndio unaoamua. Siku za kazi, asubuhi umati unatoka Kigamboni kuja mjini, jioni unarudi. Mtu wa ufukweni anakwenda kinyume, kwa hiyo anavuka kwa raha. Jumapili na sikukuu mambo yanageuka: asubuhi mjini kote wanavuka kuja kuogelea, na kuanzia saa kumi na moja jioni wote wanataka kurudi kwa pamoja. Idi na siku ya pili ya Krismasi ndiyo kabisa. Kwa hiyo Kigamboni iwe Jumamosi. Ikibidi Jumapili, vukeni kabla ya saa tatu asubuhi.

Kwenye banda la kusubiria, geti likifunguliwa watu hukimbia. Kaeni pembeni, watoto muwashike mkono, simu na pochi viwe mbele. Mkiwa chomboni msisimame kati ya magari. Mkifika ng'ambo acheni wenye haraka watangulie, hakuna mnachopoteza.

Upande wa pili, ufukwe wa Mikadi ni kama kilomita mbili kutoka kivukoni, bajaji inatosha. Ufukwe wa Kipepeo na jirani zake upo Mjimwema, kilomita saba hivi. Panda daladala yoyote inayopita Mjimwema (za Gezaulole na Kimbiji zinapita), shukeni Mjimwema, kisha bajaji au miguu mpaka baharini. Fukwe nyingi ni za hoteli na zina kiingilio, hasa wikiendi. Ulizeni getini kama hela hiyo inakatwa kwenye chakula, baadhi hufanya hivyo.

Pantoni ikiwa na foleni isiyosogea, ipo njia ya Daraja la Nyerere, lile la mita 680 lililofunguliwa 2016. Daladala za huko zinatoka upande wa Kariakoo na kuingilia Kibada. Ni mzunguko, lakini haisimami.

MamaWawili_Dom

Asanteni sana, hili la Mbezi mbili lingetukuta. Basi Jumamosi Kigamboni, Jumapili kaskazini. Tulale wapi hapo? Na Coco inaingia wapi? Nimesikia pia maji hukimbia mkakuta matope, ni kweli?

Mtongani_Kwetu

Laleni Mbezi Beach kama watoto wanachoka upesi, Jumapili mtakuwa mmeshafika. Lakini kama Jumamosi ni Kigamboni, mjini karibu na kituo cha mwendokasi ni bora zaidi: Kivukoni upande mmoja, Morocco upande wa pili, na Jumatatu stesheni iko karibu.

Coco ni ya jioni, siyo ya siku nzima. Mihogo ya kukaanga, mishikaki, upepo. Kuogelea na watoto pale sishauri, kuna miamba na mkondo. Kutoka kaskazini rudini mpaka Morocco, kisha bajaji, au daladala za Masaki zinazopita Barabara ya Haile Selassie. Mwambieni konda awashushe pa kukatia Coco, mtamalizia kwa miguu.

Bamvua

Mama, suala la maji ni kubwa kuliko suala la daladala, na watu hulisahau. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mbezi Beach mpaka Kunduchi ufukwe ni wa mteremko mdogo, kwa hiyo maji yakipwa yanakwenda mbali, unabaki na mwani na mawe. Siyo ufukwe mbovu, umefika saa mbaya tu.

Angalia mwezi. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni bamvua, yaani maji makubwa: maji hujaa karibu saa kumi jioni na kupwa karibu saa nne asubuhi. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu: hujaa karibu saa nne asubuhi, hupwa karibu saa kumi jioni, na hayaendi mbali sana. Kwa hiyo wikiendi ya bamvua usiamshe watoto alfajiri kwenda kuogelea Kunduchi. Nenda mchana, asubuhi itumie kwenye magofu. Wikiendi ya maji mafu wahi asubuhi, saa nane uwe umeshakula na kuanza kurudi.

Visiwa vinafikika. Bongoyo boti zinatoka Slipway, Msasani. Mbudya zinatoka fukwe za Kunduchi na Jangwani Beach. Vyote viwili ni hifadhi ya bahari tangu 1975, pamoja na Pangavini na Fungu Yasini, kwa hiyo kuna ada ya hifadhi mbali na nauli ya boti, na ya raia ni tofauti na ya mgeni. Beba kitambulisho. Dai jaketi okozi la saizi ya mtoto kabla boti haijaondoka, lisipokuwepo msipande. Saa ya kurudi patana na nahodha mwenyewe, siyo na kijana aliyewaita ufukweni, na andika namba yake. Maji ya kunywa bebeni ya kutosha.

Upepo wa kusi, hasa Juni na Julai, huchafua bahari mchana. Kipindi hicho kwenda asubuhi ni lazima, hata kama ni bamvua. Wikiendi yenu mwezi angani utakuwaje?

MamaWawili_Dom

Shikamoo mzee. Ni wikiendi ya kwanza baada ya mwezi mwandamo, mwandamo ni Alhamisi.

Bamvua

Marahaba mwanangu. Basi Jumamosi maji yatajaa kuelekea saa kumi na moja na nusu, Jumapili kuelekea saa kumi na mbili na robo. Kigamboni nendeni taratibu, vukeni saa tano, maji yatakuwa yanapwa lakini kuanzia saa nane yanarudi. Jumapili visiwa viacheni. Fikeni Mtongani saa sita, magofu kwanza, baharini saa tisa, na saa kumi na moja na nusu muwe mmekaa kwenye bajaji kurudi barabara kuu kabla giza halijaingia.

Mjimwema_Pwani

Sawa kabisa. Kwa ratiba hiyo Jumamosi muwe mmefika kivukoni kurudi kabla ya saa kumi na mbili. Na N-Card nunueni moja tu, iwekeeni salio la watu wote kwenda na kurudi, mtaipitisha getini mara moja moja kwa kila mtu.