Re: Matapeli wanaowapigia wazazi nyumbani

Kamwene, mugonile nyote.

Dada wa Leicester, pole sana kwa baba kupigiwa na matapeli pale Makambako. Mama yangu Tukuyu naye alipigiwa mwezi huu. Jamaa alijiita wakala wa forodha: "Mama, mzigo wa mwanao kutoka Uingereza umeshikwa bandarini Dar. Ushuru laki na themanini, ikifika saa kumi unapigwa mnada. Usikate simu, nakusubiri hapa hapa mpaka utume." Mama akaenda mbio kwa wakala wa M-Pesa, simu iko sikioni. Kijana wa kibandani, alipokuwa akimsaidia, akasoma jina lililotokea kabla mama hajaweka namba ya siri. "Bibi, hili jina la mwanamke, na wewe unaongea na mwanaume. Unawafahamu hawa?" Ndipo mama alipokata, akanipigia. Mungu ambariki kijana yule.

Mimi naona sumu yote iko kwenye hilo "usikate simu". Akishakata tu, mzazi anapumua, anawaza, anauliza. Kwa hiyo kwetu tumeweka sharti moja: yeyote anayetaja pesa, hata akiwa na sauti yangu, kata, halafu nipigie wewe kwa namba uliyoihifadhi. Sauti siku hizi zinaigwa kwa kompyuta. Na tuna swali letu la siri, linahusu ng'ombe wa babu ambaye hayupo kwenye picha yoyote ya Facebook.

Wazazi wajue pia kwamba huduma kwa wateja ya mitandao ya simu ya Tanzania ni namba 100. Anayepiga kwa namba ya kawaida akidai anatoka kwenye kampuni ya simu, halafu anataka namba ya siri, huyo ni tapeli. Mripotini: tuma neno UTAPELI kwenda 15040, utaelekezwa uweke namba yake. Na akimwambia mzazi abonyeze namba inayoanza na *21*, akatae kabisa, maana hiyo inahamishia simu zake kwa mtu mwingine. Kama alishabonyeza, ##002# inafuta.

Kwenye simujanja ya mama nilifanya mambo machache nilipokuwa likizo. WhatsApp: Mipangilio, Faragha, Simu, kisha nyamazisha wapigaji wasiojulikana. Picha yake ya wasifu nayo sasa wanaiona waliomo kwenye orodha yake tu. Kwa Android yenye programu ya simu ya Google, ingia mipangilio, washa uchujaji wa simu taka.

—

Shikamoo dada, naongezea kutoka Minneapolis, Marekani. Tusiwaze wazee peke yao, sisi wenyewe huku tunawindwa, hasa ndugu ambao makaratasi yao bado yanashughulikiwa. Mtu anapiga akisema ni uhamiaji au kodi, polisi wako njiani, nunua kadi za zawadi umsomee namba za nyuma. Hakuna ofisi ya serikali inayolipwa kwa kadi za zawadi. IRS, mamlaka ya kodi ya huku, kwa kawaida huanza na barua ya posta. Na msiamini namba inayoonekana kwenye kioo, inaweza kughushiwa ikafanana kabisa na ya benki yako.

iPhone ina sehemu ya kunyamazisha wasiojulikana, ila mimi nimeizima. Mtoto ana pumu, na shule ikipiga kwa namba ngeni nataka isikike.

—

Marahaba. Kweli kabisa. Kwa walioko Uingereza: ujumbe wa kitapeli usambazeni kwenda 7726, ni bure. Mkipigiwa na "benki", kateni mpige 159, inawaunganisha na benki nyingi za huku.

—

Asanteni sana, ndaga fijo. Ila baba yangu huko Makambako anatumia kitochi, hana hiyo simujanja. Afanyeje?

—

Dada, 100 na 15040 zinafanya kazi kwenye kitochi vilevile. Leo hii mwambie mjukuu aliye naye abonyeze *106# kwenye simu ya baba, aangalie laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha taifa (NIDA). Wasajili wengine wa mtaani humwambia mzee aweke kidole tena na tena wakidai hakijasoma, kumbe laini nyingine inasajiliwa kwa jina lake. Akikuta namba asiyoijua, aende na kitambulisho kwenye duka la mtandao husika waifute.