Naomba ushauri: timu ya mabinti inanyimwa uwanja

Wakuu habari za jioni. Nafundisha timu ya mabinti hapa mtaani Tanga, uwanja ni mmoja tu na kila jioni wanapewa vijana wa kiume, sisi tunaambiwa tuje saa nane mchana jua la utosi au tusubiri wakimaliza, na hapo giza limeshaingia wazazi hawataki hata kusikia. Nimewafuata viongozi wa mtaa nikajibiwa eti mpira wa wanawake hauna watazamaji. Jamani, Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya mabinti chini ya miaka 17 (U17), si walifika robo fainali Kombe la Dunia U17 kule India 2022, wakampiga Mfaransa 2-1, wale watoto walianzia wapi kama sio viwanja kama hivi? Kuna mzazi alimkataza bintiye kisa hijabu, nikamwambia FIFA walisharuhusu tangu 2014, huyo angalau kalegea.

Sasa nawauliza, barua nianzie kwa afisa michezo wa wilaya au chama cha soka cha wilaya? Na niombe siku zetu maalum, mfano Jumanne na Alhamisi, au tugawane uwanja nusu kwa nusu? Wanaojua taratibu wanisaidie, wa kejeli wapite tu.