Tupeane uzoefu: mliofika Durrës, Albania, mliona nini cha kale?

Wakuu, mwezi ujao napanda feri ya usiku kutoka Bari, Italia, kwenda Durrës. Kila ninayemuuliza ananisifia ufukwe. Mimi mtoto wa Tanga, bahari naijua. Nataka magofu! Nijuacho ni kwamba mji ulianzishwa na Wagiriki mwaka 627 KK wakauita Epidamnos, kisha Warumi wakauita Dyrrachium. Aliyefika ashushe nondo.

Baharia Mstaafu
Meli yetu ilikaa gatini siku mbili. Kutoka geti la bandari hadi Mnara wa Venisi ni mwendo wa miguu tu: mnene, wa duara, umeshikana na ukuta wa mji. Huo ukuta ulijengwa na Kaizari Anastasius wa Kwanza, mzaliwa wa hapo hapo. Kapata ukubwa Constantinople, akakumbuka kwao. Wabunge wetu mpo?

Mama Wawili
Usikose uwanja wa Warumi, ule wa mapambano. Ni wa karne ya 2, watu 15,000 na zaidi walikuwa wanaenea, ila uligunduliwa 1966 tu. Karne zote hizo watu wamejenga juu yake bila habari! Hadi leo sehemu imelaliwa na nyumba. Nimesimama kwenye ngazi za mawe, juu ya kichwa changu mama mmoja anaanika shuka. Ukishuka kwenye vichochoro vya chini kuna baridi na harufu ya udongo mbichi, unatembea kwa kupapasa. Humo ndani Wakristo walikuja kutengeneza kikanisa baada ya michezo ya damu kwisha, na ukutani bado kuna picha za vijiwe vya rangi. Mimi nilikaa pale mpaka mume wangu akapiga simu kuuliza kama nimepotea. Vaa viatu vya kushika, mawe yanateleza.

Kijana wa Bari
Mimi niliaibika. Nilimuuliza mzee mmoja kama makumbusho iko wazi, akatikisa kichwa kulia na kushoto. Nikageuka zangu. Kumbe kule, hasa kwa watu wazima, kutikisa hivyo ndiyo "ndiyo"! Alinikimbilia akanishika mkono hadi mlangoni, halafu akakataa soda.

Baharia Mstaafu
Hahaha, na ukiinamisha kichwa kukubali bia, huletewi.

Mchimba Historia
Nyongeza. Kama unataka mozaiki ya "Mrembo wa Durrës", sura ya mwanamke iliyopangwa kwa vijiwe karne ya 4 KK, usiitafute Durrës kama nilivyofanya mimi nusu siku nzima. Waliihamishia Tirana, makumbusho ya taifa. Ulizia kwanza kama wamefungua. Ni kilomita thelathini na kitu, kuna vibasi kama Hiace zetu, vinaitwa furgon, na vinaondoka vikijaa.

Mama Wawili
Na ukikuta ufa ukutani usidhani wote ni wa Warumi. Tetemeko la Novemba 2019 liliua watu 51 Albania, na mji huo uliumia sana. Mwenye chumba nilichopanga alinionyesha kwake palipozibwa, hakutaka maneno mengi.

Mwanzisha mada
Asanteni sana. Feri inafika asubuhi, basi naanza na mnara, begi mgongoni. Swali moja: kahawa yao ni chungu kama yetu ya vikombe vidogo?

Baharia Mstaafu
Kichwa natikisa kulia na kushoto.