Tumeambiwa "leteni takwimu". Kikundi cha sanaa na urithi hapa Moshi tunaanzia wapi?

Katibu_Kiusa (mwanzisha uzi)

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za jioni.

Mimi ni katibu wa kikundi kidogo hapa Moshi mjini. Tuko 23: wacheza ngoma, wachongaji wawili, akina mama wa shanga, vijana wachoraji, na walimu wawili wa historia. Miaka mitatu sasa, Jumamosi tukipata nauli tunapanda Uru na Old Moshi kuwasikiliza wazee wakieleza mifongo, ile mifereji ya asili ya Wachagga: nani aliuchimba upi, ukoo gani ulipata maji siku gani, watu waliimba nini wakienda kuzibua. Huku mjini tunapiga picha maduka ya zamani yenye mwaka uliochongwa juu ya mlango. Kila tukirudi tunakuta moja limezungushiwa mabati, na baada ya hapo halipo tena.

Mwezi uliopita tulijipa moyo tukaenda ofisi moja ya umma kuomba sanaa na urithi viingie kwenye mipango ya mji. Afisa alitupokea vizuri, simsemi vibaya. Akauliza: wasanii mko wangapi mji huu? Mnaingiza kiasi gani? Hayo majengo ni mangapi na ya nani? Mnaomba nini hasa? Tukatazamana. Mwenyekiti wetu akaanza kueleza umuhimu wa utamaduni kwa taifa. Afisa akamsikiliza mpaka mwisho, akafunga daftari, akasema: "Leteni takwimu."

Nilirudi nyumbani nimeumia, maana maswali yale yalikuwa ya haki na mimi ndiye mtunza kumbukumbu wa kikundi.

Naomba msaada wenu. Utafiti wa namna hii watu wa kawaida wanaufanyaje? Tukishaupata tuupeleke mlango upi? Tena kuna mwenzetu anaogopa kwamba tukisema "utetezi" tutaonekana tumeingia siasa. Aliyewahi kupita njia hii aniambie ukweli, hata ukiwa mchungu.

NgomaYaRau

Pole dada. Sisi tulizungushwa tukaacha. Nafuatilia huu uzi.

Karani_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Nimefanya kazi idara ya mipango ya halmashauri mpaka nimestaafu, kwa hiyo nakueleza nikiwa upande wa pili wa ile meza. Huyo afisa hakuwafukuza. Angetaka kuwafukuza angewaambia "tutalifanyia kazi".

Kwanza jueni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini bajeti ya halmashauri inapita Baraza la Madiwani mapema sana, Januari au Februari. Nimeona vikundi vingi vinaleta barua mwezi wa nne, imeandikwa vizuri, ina mihuri yote, na fedha zilishagawanywa. Jambo lenu lianzie kwenye mkutano wa mtaa, lipande Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla ya mwezi wa kumi na moja. Mwenyekiti wa kamati hiyo ni diwani, na wenyeviti wa mitaa ni wajumbe. Hao ndio wa kuwazoea kuanzia sasa, kabla hamjawa na shida nao.

Pili, msichanganye barua. Sanaa na utamaduni viko wizara moja. Malikale, yaani majengo na vitu vya kale, na makumbusho viko Wizara ya Maliasili na Utalii. Ndivyo ilivyo hata huku chini: habari ya ngoma na wasanii mpelekee Afisa Utamaduni, habari ya jengo linalotaka kuvunjwa ipelekeni mipango miji, kwa sababu vibali vya ujenzi viko kule. Barua moja yenye mifongo, shanga, ngoma na maduka ya zamani itazunguka kutoka dawati hadi dawati, kila mtu akiandika pembeni "si yangu". Nimeziona. Nyingine nimeziandikia mimi mwenyewe hayo maneno, na leo najuta.

Andikeni ukurasa mmoja. Tumehesabu nini, tumekuta nini, tunaomba nini, nani atafanya, itagharimu shilingi ngapi. Ombi liwe moja, dogo, ambalo mtu anaweza kulikubali bila kuita kikao kingine.

Mkikwama kwa kukosa taarifa zilizoko ofisini, ombeni kwa maandishi na mtaje Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Inatoa siku 30 za kujibu. Andikeni kwa adabu, mchukue nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Hiyo nakala ni mali.

Kuhusu siasa: alikeni madiwani wa pande zote, msivae sare ya chama chochote siku ya shughuli, na mzungumze jambo lenu tu. Sera ya Utamaduni ipo tangu mwaka 1997. Kuikumbusha halmashauri sera ya serikali yenyewe hakuna ubaya wowote.

Wakili_Sakina

Niko Arusha, naongezea upande wa majengo kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapoumia.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964, ikarekebishwa 1979. Jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863 linalindwa na sheria moja kwa moja. Lililojengwa baada ya hapo halina ulinzi huo mpaka Waziri alitangaze kwenye Gazeti la Serikali. Sasa jiulizeni: Moshi ya mjini ina jengo gani la kabla ya 1863? Reli yenyewe ilifika hapo 1911. Mji wote ni mtoto wa baada ya ule mstari. Kwa hiyo unaposema mbele ya afisa "hili ni jengo la kihistoria", sheria bado haijakusikia.

Kazi yenu ni kutengeneza jalada la kila jengo. Picha za pande zote, mwaka, nani alijenga, lilitumikaje, nani anamiliki sasa, hali ya paa na kuta. Na muhimu kuliko yote, kwa nini hili na si lile la jirani. Uzuri peke yake hautoshi. Huku kwetu Kaloleni kuna jengo la kawaida kabisa kwa macho, lakini ndani yake TANU ilikaa Januari 1967 kujadili Azimio la Arusha, na leo ni makumbusho. Boma la Wajerumani la mwaka 1900 nalo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Kilichoyaokoa ni historia yake kuandikwa na matumizi mapya kupatikana. Jengo lisilo na kazi haliwezi kumshinda mwenye kiwanja anayetaka ghorofa, na mwenye kiwanja naye ana haki zake. Mkaeni naye mapema, msimfanye adui.

Msichimbe popote kutafuta vitu vya kale. Hiyo inahitaji leseni.

MamaShanga_Arusha

Dada yangu, mimi nauza shanga Soko la Maasai. Tulishawahi kujihesabu tulipotaka kuomba eneo lenye kivuli na choo. Nikwambie tulipokosea.

Mara ya kwanza tuliuliza "unaingiza shilingi ngapi kwa mwezi?" Kila mtu alidanganya. Wengine walipunguza wakiogopa kodi, wengine waliongeza wakidhani kuna mkopo unakuja. Karatasi zote tukazitupa. Mara ya pili tukauliza vitu ambavyo mtu anavikumbuka: jana umeuza vipande vingapi? Hizo shanga umenunua wapi, kwa bei gani? Nani anakusaidia kutunga nyumbani? Ada ya mtoto muhula huu imetoka wapi? Hapo watu walifunguka, mpaka mmoja akalia. Tukagundua kwamba nyuma ya kila mama mmoja sokoni kuna wengine vijijini wanaotunga na hawajawahi kuonekana mjini. Hao ndio walifanya hesabu yetu iwe nzito.

Na mhesabu mara mbili, msimu wa wageni na msimu wa mvua za masika. Ukihesabu mwezi wa nane peke yake utaonekana tajiri.

Kingine, jisajilini rasmi. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, haikifikii kikundi kisichoandikishwa. Lakini ni mkopo, utarudishwa. Msiuchukue kwa ajili ya utafiti.

MjukuuWaMfongo

Naheshimu michango yote, ila naomba niseme kinachoniuma. Tukishahesabu kila kitu kwa shilingi, wimbo wa kuzibua mfongo utaandikwa bei gani? Hauuzwi. Babu yangu alikuwa anajua mpaka jiwe la kuweka wapi ili maji yageuke bila kumwamsha jirani. Ukimuuliza afisa atasema hiyo si ajira.

Shimbwe Juu, hapo Uru, kilimo chetu cha kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, kiliingizwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kwenye orodha ya urithi wa kilimo duniani mwaka 2011. Ni watoto wangapi wa Moshi wanajua? Na Mangi Meli, mtawala wetu wa Kichagga, alinyongwa na Wajerumani Old Moshi mwaka 1900, na inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Mjukuu wake ameomba fuvu la babu yake kwa miongo bila kuwa na takwimu yoyote mkononi. Alikuwa na madai ya haki tu.

Mwalimu_OldMoshi

Mjukuu, nakuelewa, lakini mfano wako wa mwisho unanirudisha kwenye utafiti. Madai yale yalidumu kwa sababu familia na watu wa Old Moshi walitunza habari: jina, mahali, mti alionyongewa, mwaka. Mwaka 2023 makumbusho ya Berlin yalitangaza matokeo ya vipimo vya vinasaba (DNA), na ndugu walio hai wa baadhi ya mafuvu yaliyotoka Kilimanjaro wakapatikana. Fuvu la Meli lenyewe halijaonekana. Lakini vipimo vile visingefika popote kama huku hakuna watu wanaojua wao ni ukoo wa nani.

Kwa hiyo kuna hesabu za kumpelekea afisa, na kuna kumbukumbu za kutunza. Zitunzwe kwenye madaftari mawili. Kwa hilo la pili mna hoja nzito: Tanzania iliridhia mwaka 2011 Mkataba wa UNESCO wa 2003 wa kulinda urithi usioshikika, kama nyimbo na mila, na mkataba unataka jamii yenyewe ishiriki kuutambua na kuuorodhesha. Orodha ya mifongo na nyimbo zake mkiifanya vizuri, mnaifanya kazi ambayo nchi imeahidi.

Ila fanyeni kwa heshima. Kabla ya kumrekodi mzee, mwelezeni sauti yake itakwenda wapi, na akisema sehemu fulani isisikike nje ya ukoo, iacheni. Andikeni jina lake, tarehe na kijiji. Mrudishieni nakala. Nimeona watafiti wengi wakija na kuondoka, na mzee anakufa bila kusikia sauti yake mwenyewe.

Jaribuni pia Chuo Kikuu cha Ushirika pale Moshi. Wanafunzi kila mwaka wanatafuta mada, na wanajua kutengeneza dodoso.

Katibu_Kiusa

Mwalimu, sentensi yako ya mwisho kuhusu mzee imenikuta. Kuna mzee wa Uru alituimbia nyimbo mbili mwaka juzi. Simu ilijaa katikati ya wa pili. Tukamwambia tutarudi Jumamosi, tukakosa nauli, tukaja kurudi siku ya matanga. Sijawahi kuiandika hii mahali popote.

Nimekaa na wenzangu jana usiku tukasoma uzi wote kwa sauti. Tumeamua majengo yasubiri kidogo isipokuwa majalada, tutaanza na matano ya karibu na mnara wa saa. Nguvu kubwa tunaiweka kwenye kuhesabu wasanii na mafundi wa kata mbili, kwa maswali ya Mama Shanga, sasa hivi na tena wakati wa masika. Ombi letu kwa kata litakuwa moja: chumba chenye kufuli katika jengo lolote la umma, cha kuweka rekodi za wazee na kusikilizishia watoto wa shule. Karani, hilo ni dogo vya kutosha?

Karani_Mstaafu

Linatosha. Ila andika nani atashika ufunguo na nani atalipa umeme. Hilo ndilo swali la kwanza watakalouliza.

MjukuuWaMfongo

Mama yangu anajua ule wimbo wa pili wa Uru, karibu wote. Yuko nyumbani Jumamosi hii. Njooni na simu mbili.